Tusidai toleo la Linux, tudai gemu ichezeke

Kila gemu kubwa inapotangazwa, sisi watumiaji wa Linux, mfumo huru wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, huuliza swali lile lile: toleo letu liko wapi? Nimeliuliza miaka mingi. Siku hizi nimeliacha, na naamini kung'ang'ania toleo la asili, yaani lililotengenezwa mahususi kwa Linux, kumetuchelewesha.

Loki Software ya Marekani iliijaribu njia hiyo tangu 1998. Walinunua haki, wakachukua msimbo wa gemu iliyoandikiwa Windows, wakaurekebisha uende kwenye Linux, kisha wakaiuza wenyewe. Civilization: Call to Power na Quake III Arena zilipita mikononi mwao. Kazi yao ilikuwa safi. Lakini toleo la Linux lilifika nyuma ya lile la Windows, na mwenye hamu ya gemu hasubiri. Januari 2002 Loki ikafungwa. Nawaheshimu sana watu wale: SDL, maktaba (mkusanyiko wa msimbo ulio tayari kutumiwa na programu nyingine) ya Sam Lantinga aliyekuwa akiongoza watayarishaji programu wao, inatumika ndani ya gemu nyingi mpaka leo.

Halafu kuna jambo ambalo wenyewe hatupendi kulisema. Matoleo ya asili huzeeka vibaya. Maktaba za Linux zinabadilika, kampuni imeshahamia kazi nyingine, na hakuna aliyebaki wa kurekebisha. Nina gemu kadhaa ambazo toleo lake la Linux halifunguki tena. Nikishusha faili za Windows na kuzipitisha kwenye Proton, programu inayoendesha gemu za Windows ndani ya Linux, zinacheza.

Proton ilitolewa Agosti 2018 na Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam. Ndani yake mna Wine, mradi ulioanza 1993, unaopokea maombi ya programu ya Windows na kuyatimiza kwa njia za Linux. Kikwazo kikubwa kilikuwa picha, maana gemu nyingi za Windows huzungumza na kadi ya picha kwa Direct3D, njia ya Microsoft ambayo Linux haina. Philip Rebohle alitaka kucheza Nier: Automata kwenye Linux, akaanza kuandika DXVK, inayogeuza maagizo ya Direct3D kuwa ya Vulkan, njia ya picha ambayo Linux inayo, huku gemu ikiendelea. Valve wakamlipa aendelee nayo. Mtu mmoja na gemu aliyoipenda! Februari 2022 ikaingia sokoni Steam Deck, kompyuta ya mkononi yenye Linux, inayoweza kuchezesha maelfu ya gemu ambazo watengenezaji wake hawakuwahi kuiwazia Linux.

Najua pingamizi: bado tunategemea kitu kilichobuniwa na Microsoft. Ni kweli, na mimi pia halinifurahishi. Lakini kwa miaka ishirini watengenezaji hawakuja kwa kuwa wachezaji walikuwa wachache, na wachezaji hawakuja kwa kuwa gemu hazikuwepo. Proton iliukata mkwamo huo bila kumwomba mtengenezaji chochote.

Palipobaki pa kuomba ni kwenye programu za kuzuia kuchiti, na huko ndiko kelele zetu zote zielekezwe. Easy Anti-Cheat na BattlEye zinaweza kufanya kazi na Proton tangu 2021, ila mwenye gemu lazima aruhusu. Apex Legends iliruhusu, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 ikaifungia Linux yote, Steam Deck ikiwemo, kwa hoja kwamba wanaochiti wanapitia huko. Mwaka huo huo Riot waliingiza Vanguard, programu yao ya kuzuia kuchiti, kwenye gemu yao ya League of Legends. Programu hiyo hukaa ndani kabisa ya kiini cha Windows, hivyo waliokuwa wakicheza kwa Wine wakabaki nje. Naelewa uchungu wa kushindwa na mtu anayechiti. Hata hivyo kazi ya kumkamata ni ya seva kwanza, na sioni kwa nini nikabidhi kompyuta yangu nzima ili nicheze nusu saa.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Windows 10 iliisha muda wake tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Dar na Nairobi hazitimizi masharti ya Windows 11. Mdogo wangu ana moja ya hizo. Nimemwekea Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, na karibu kila anachocheza kimekubali. Ila nusu ya diski yake bado ni Windows isiyopata tena masasisho ya usalama, kwa ajili ya gemu moja tu ambayo wenyewe wamekataa kuifungulia.