Una CCNA, lakini umewahi kugusa ruta?

Wiki iliyopita nilikaa kwenye usaili wa kijana aliyemaliza shahada ya kompyuta mwaka jana. Wasifu wake umepangwa vizuri, na juu kabisa, kabla hata ya jina la chuo, kaandika CCNA, cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco. Nikachukua karatasi, nikamchorea kompyuta mbili zimechomekwa kwenye swichi moja ya mtandao. Ya kwanza nikaipa anwani 192.168.10.50, ya pili 192.168.10.70, zote maski 255.255.255.192. Nikamuuliza kwa nini ping, ule ujumbe wa kupima mawasiliano, haipiti kati yao. Akaitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akasema, "Labda kebo ni mbovu, mkuu."

Maski ile inaugawa mtandao mafungu ya anwani 64. Hamsini iko fungu la kwanza, 0 hadi 63. Sabini imeangukia la pili. Bila ruta katikati, kifaa cha kuunganisha mitandao tofauti, hazitaongea, hata ubadilishe kebo kumi.

Kazi hakuipata. Nilipomsindikiza nje nikamuuliza taratibu alisomaje, naye hakunificha. Alikuwa mwaka wa pili, rafiki akamrushia desa, PDF ya mamia ya maswali na majibu yake. Akakariri siku kumi na mbili, akaenda kufanya mtihani, akafaulu. Na ada? Mama yake alipokea mchezo, zile hela za kupeana kwa zamu, akampa zote.

Hilo la mchezo ndilo limeninyima usingizi.

Wadogo zangu mlioko vyuoni, mtihani wa CCNA ni dola 300, zaidi ya laki saba za kwetu. Kwa bumu la shilingi 10,000 kwa siku, hizo ni zaidi ya siku 70 za kula. Mtu anakusanya hela hiyo kwa jasho la mzazi, halafu ananunulia karatasi anayoiogopa mwenyewe kila akiulizwa swali. Na Cisco wakibaini umetumia maswali yaliyovuja, wanaweza kukufutia cheti chenyewe.

Lakini tuseme hawakukubaini. Bado umepoteza kitu ambacho hela hairudishi, nacho ni muda wa kukosea. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, ni bure. Ukiwa mwanafunzi unaweza kuharibu mtandao mara hamsini kwa usiku mmoja na hakuna anayekufokea. Kazini swichi ikizima, wahasibu wote wamesimama mlangoni kwako.

Nakumbuka bwenini tulikuwa wawili na laptopu moja. Tulikuwa na VLAN mbili, yaani mitandao miwili iliyotenganishwa ndani ya swichi, seva ya DHCP inayogawa anwani iko upande mmoja, na kompyuta za upande wa pili zinagoma kupata anwani. Tulifuta, tukaanza upya, tukafuta tena, mpaka saa tisa usiku. Kumbe ilikosekana amri moja tu kwenye ruta, ip helper-address, ya kupeleka maombi yale kwa seva. Mwenzangu alipoiandika na anwani zikaanza kuingia, tulipiga kelele hadi chumba cha jirani wakagonga ukuta. Miaka imepita, na siku tatizo hilo liliponikuta ofisini nilichukua dakika tano. Desa lingenipa jibu la swali lile, na swali likigeuzwa kidogo ningekwama.

Jingine ni hesabu ya muda. CCNA inadumu miaka mitatu. Ukiifanya mwaka wa kwanza kwenye shahada ya miaka minne, inaisha kabla hujavaa joho. Anza kusoma mapema, hata leo, ila mtihani wenyewe uache mwaka wa mwisho. Ukisoma kupitia Cisco Networking Academy na kufanya vizuri, ulizia punguzo la ada. Na kama moyo wako uko kwenye kuandika programu, achana kabisa na ruta.

Najua mtaniambia matangazo ya kazi yanataka cheti, na anayechambua wasifu haijui subneti, yaani yale mafungu ya anwani, anatafuta zile herufi nne tu. Ni kweli, siwezi kulikataa hilo. Pia ni kweli kwamba baadhi ya mitaala yetu imechoka, na anayesomea cheti kwa dhati humaliza akiwa mbali kuliko darasa lake. Ndiyo maana sisemi msivitafute. Ila herufi hizo zinakufikisha kwenye kiti cha usaili, na mbele ya kiti kile kuna mtu kama mimi mwenye kalamu na karatasi.

Cheti cha yule kijana kinaisha miezi mitano ijayo. Aliniuliza kama anaweza kuanza upya. Nimemwambia aje Jumamosi na laptopu yake, na ile karatasi yenye kompyuta mbili nimeitunza. Tutaanzia hapo.