Fundi si Mchukuzi: Masanduku ya Vifaa Yapewe Magurudumu

Wiki iliyopita nilimwona fundi mmoja, mtu mzima anayeheshimika katika kazi yake, akimkemea mwanagenzi wake mbele ya watu kwa sababu kijana alifika kazini akisukuma toroli lililopangwa masanduku manne ya vifaa. "Vifaa vya fundi hubebwa, havikokotwi," alimwambia, kisha akamwamuru ayatenganishe masanduku yote na kuyapeleka moja moja kwa mikono hadi chumba cha mwisho. Kijana alijibu, "Sawa, fundi," akatii. Alikwenda na kurudi mara nne, na alipotua sanduku la mwisho nilimwona akikunja na kukunjua vidole, alama nyekundu ya mpini imemkaa kiganjani. Sikusema neno siku ile kwa kuwa kazi haikuwa yangu wala kijana hakuwa wangu, lakini jambo lenyewe halijanitoka moyoni.

Kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuchonga vitako vya bawaba kwenye fremu ya mlango, milimita 3 kwenda ndani, kazi inayotaka mkono uliotulia kuliko karibu kazi nyingine zote za useremala. Mkono uliotoka kubana mpini wa sanduku zito kwa robo saa hautulii. Patasi ilitetemeka, ikauvuka mstari wa penseli kwa unene wa ukucha, na aliyekemewa tena alikuwa yeye. Hakuna aliyejiuliza mkono ule ulikuwa umetumwa wapi kabla ya kukabidhiwa patasi. Fundi analipwa kwa ajili ya mikono yake na macho yake. Anayeanza siku kwa kuichosha mikono hiyo kwa kazi ya uchukuzi anampa mwenye nyumba mabaki ya ufundi wake, na mwenye nyumba hakuagiza mabaki.

Kuhusu mgongo, anayedhani kwamba ni suala la ukakamavu tu na aiangalie hesabu ya NIOSH, taasisi ya Marekani inayofanya utafiti wa usalama na afya kazini. Kanuni yake ya kunyanyua mizigo, iliyorekebishwa mwaka 1991, huanzia kilo 23, na kiwango hicho ni cha hali iliyo bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, mikono iko kwenye kimo cha nyonga hivi, na kiuno hakijipindi. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele ya mwili badala ya 25, kiwango hicho hukatwa nusu. Ukiuokota kutoka sakafuni, hupungua tena kwa zaidi ya moja ya tano. Chukua basi sanduku lililo sakafuni nyuma ya sanduku jingine, ambalo huwezi kulifikia bila kunyoosha mikono: zinabaki kilo 9 hivi, na hapo hujahesabu kujipinda kiuno wala kulirudia tendo lile lile mara ishirini kwa siku. Sanduku langu la spana, koleo na bisibisi, ambalo ndilo dogo kuliko yote niliyo nayo, lina kilo 14.

Fahari hii ya kubeba si ya mafundi peke yao, na historia yake inajulikana. Bernard Sadow alipewa hataza ya sanduku la safari lenye magurudumu nchini Marekani mwaka 1972, na baadaye alisimulia kwamba wenye maduka walimkatalia mmoja baada ya mwingine, kwa sababu wakati ule ilionekana kwamba mwanamume wa kweli hubeba mzigo, haukokoti. Rubani Robert Plath alipoleta mwaka 1987 sanduku linalosimama wima, lenye magurudumu mawili na mpini unaochomoza, wahudumu wa ndege na marubani wenzake walikuwa wa kwanza kulipokea, yaani watu waliotembea na mizigo yao kila siku ya kazi. Walioijua kazi ya kubeba ndio walioikubali dawa yake. Ninatamani mafundi tuwe watu wa namna hiyo, kwa maana hakuna anayetembea na mizigo ya kazi kuliko sisi.

Ninakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wazee wetu walikuwa na sababu. Seremala wa zamani alitia msumeno, randa, nyundo, patasi tano na pimamaji katika sanduku moja la mbao, akaliweka begani na kuondoka, na safari ikawa moja. Leo kila mashine huja na sanduku lake: drili, msumeno wa mviringo, mashine ya msasa, grainda, betri na chaja zake, na juu ya yote hayo mashine ya kufyonza vumbi. Watengenezaji wenyewe walikwisha kuyaona mabadiliko hayo. Tanos ya Ujerumani ilipoanza kuuza masanduku ya Systainer mwaka 1993, sanduku moja likaweza kubanwa juu ya jingine, na Milwaukee walipotoa mfumo wao wa Packout mwaka 2017, sanduku kubwa la chini lilitoka kiwandani likiwa na magurudumu na mpini wake. Anayesisitiza leo kwamba masanduku sita yabebwe kwa mikono anaitetea desturi ya sanduku moja.

Hata hivyo, ninaona kwamba wanaotetea toroli nao wanaishia nusu ya njia, kwa maana wanaliona kuwa chombo cha safari tu. Wanafika, wanashusha masanduku, wanayatandaza ukutani, toroli wanalitupa pembeni, na jioni wanaanza kupakia upya. Mimi nasema masanduku yalale juu ya toroli. Toroli liwe ghala lililo na magurudumu, na sanduku lisitoke hapo isipokuwa kwa dakika ambazo kifaa chake kinatumika.

Nilifika kwenye msimamo huu baada ya miaka ya kuishi na rundo. Rundo la masanduku yaliyopandana lina tabia moja isiyobadilika, nayo ni kwamba unachokihitaji kiko chini. Unashusha matatu, unafungua la nne, unatoa biti moja ya drili, kisha unayapandisha yale matatu. Ama unayaacha hapo hapo sakafuni, kwa sababu umechoka, mpaka mtu ayakwae. Kwa hiyo niliacha kupandanisha. Nilitengeneza toroli lenye fremu na reli za mbao pembeni, kila sanduku likikaa kwenye reli zake kama mtoto wa meza, mpini ukiangalia nje, na kila moja linavutika peke yake bila kuligusa jingine. Yaliyo mazito yako chini, ya kati yana vifaa vya kila saa, na juu kabisa kuna ubao ambao ni meza yangu ndogo ya kazi. Usiku toroli linaegeshwa kwenye pembe yake karakanani, asubuhi linapandishwa garini kama lilivyo.

Mpangilio huo ulinipa vitu ambavyo sikuvitarajia. Masanduku hayagusi tena sakafu, na kwa kuwa yako sentimita 15 juu yake, unyevu wa zege hauyafikii. Patasi zangu ambazo zilikuwa zikinipa kutu kila msimu wa mvua sasa zinatoka zikiwa safi. La pili ni hesabu ya jioni. Zamani nilikuwa nagundua kifaa kimepotea siku ninapokihitaji, wakati nimekwisha kusahau nilikiacha nyumba gani. Sasa nikisimama mbele ya toroli kabla ya kuondoka, reli iliyo tupu inajionyesha yenyewe, na ninarudi kutafuta nikiwa bado nimo ndani ya nyumba ile ile. Mwanagenzi wangu hafundishwi tena kwa kelele mahali pa kila kitu; anapaona.

Makosa nimeyafanya, na mojawapo lingeweza kumwumiza mtu. Toroli la kwanza nililipakia kwa haraka, sanduku la nyundo na tindo likawa juu kwa sababu ndilo lililokuwa la mwisho kufungwa. Tulipolishusha kwenye mteremko mfupi wa mlangoni, gurudumu moja liliingia kwenye ufa, na mnara wote ukapinduka kuelekea upande aliokuwa amesimama mwenzangu. Aliruka. Sanduku lilivunjika pembe, lakini ungeweza kuwa mguu wake. Tangu siku hiyo, zito linaanza chini bila ubishi, mkanda wa kubana unazungushwa hata kama safari ni ya hatua kumi, na kimo cha toroli lililopakiwa sikiruhusu kizidi mara tatu ya upande mwembamba wa kitako chake. Wala hatuvuti masanduku mawili kutoka kwenye reli kwa wakati mmoja, kwa sababu uzito unaotoka mbele ndio unaoangusha.

Magurudumu yenyewe ndiyo yanayoamua kama toroli litatumika au litaachwa nyumbani, na hapo ndipo watu hubana matumizi pasipostahili. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 5 likikutana na kizingiti cha sentimita 2, husimama kana kwamba limegonga ukuta. La sentimita 20 linakipanda kizingiti hicho hicho kwa msukumo ambao mtu mmoja anaumudu. Kizingiti kikifikia nusu ya kipenyo cha gurudumu, basi hata ukisukuma kwa nguvu zako zote halitapanda mpaka ulinyanyue. Mpira laini haukwaruzi sakafu iliyokwisha kung'arishwa, ilhali nailoni ngumu huviringika kwa wepesi lakini hupiga kelele na kukwaruza vigae. Nusu ya magurudumu yafungwe yasigeuke, ili toroli liende moja kwa moja, na yale yanayogeuka pande zote yawe na breki. Uzito nao usiugawanye kwa manne. Sakafu ikiwa na mawimbi, gurudumu moja huning'inia na matatu yanabeba mzigo wote, kwa hiyo toroli la kilo 120 linataka magurudumu ambayo kila moja linamudu kilo 40 au zaidi. Na uyafunge kwa bolti na washa zinazopenya ubao wa plaiwudi wa milimita 18 hadi upande wa pili, kwa sababu skurubu za mbao hulegezwa na mtikisiko.

Ngazi ni pingamizi la kweli. Matope pia. Kwenye ngazi ninayatenganisha masanduku na kuyabeba kama yule mzee alivyotaka, mawili mepesi kwa safari moja, kisha ninayarudisha kwenye reli huko juu. Lakini siku za ngazi ni chache kuliko siku za sakafu tambarare, korido, lifti na maegesho, na sioni sababu ya kuutesa mwili siku zote kwa ajili ya siku chache hizo.

Juzi nilikutana na yule kijana. Alikuwa peke yake, na nilimwomba anionyeshe toroli lake, ambalo sasa huliacha ndani ya gari ili lisimletee maneno. Amelitengeneza vizuri, ukingo wa sentimita 2 umezunguka ubao wote ili sanduku la chini lisiteleze, na kona amezipiga randa zisikwaruze kuta za watu. Kasoro yake ni magurudumu ya mbele, ambayo ni madogo kwa vizingiti vya nyumba wanayoifanyia kazi. Ninayo mawili ya sentimita 20 yaliyobaki nilipobadilisha ya kwangu, pamoja na bolti zake nane. Tumekubaliana aje karakanani Jumamosi asubuhi tuyafunge, na nimemwomba amwambie fundi wake kwamba naye anakaribishwa aje kuliona langu, alivute sanduku moja moja, na aniambie mbele yangu ni kitu gani cha ufundi kilichopungua hapo.