Jiko la Shangazi

Shangazi yangu ana meza ya supu ya pweza na chapati huku Ngamiani, Tanga, kwenye hizi barabara zetu za namba. Karatasi zake zote anazitia kwenye kopo la biskuti. Mwaka jana walimjia watu wawili, mmoja kashika kitabu cha stakabadhi. Leseni? Akatoa. Cheti cha kupimwa afya? Akatoa, tena cha mwaka uleule. Ushuru? Huu hapa. Mwenye kitabu akanyamaza, akaangaza huku na huku kama aliyedondosha funguo, mwishowe macho yakatua kwenye jiko. Limetokeza nje ya baraza. Shangazi akalipa faini.

Hatua chache tu kutoka pale kuna kijana anakaanga mihogo. Hana karatasi hata moja, na karai lake nusura ligongwe na bajaji. Hakuguswa. Nilipouliza, nikajibiwa: "Kaka, shughulika na la kwako."

Jiko lile lina miaka pale. Masharti yakishakuwa mengi hivi, hakuna awezaye kuyatimiza yote. Kila mfanyabiashara ni mkosaji anayengoja zamu yake, na mkaguzi hatafuti tena kosa, anachagua mtu. Akikuchagua utalalamika nini, na kosa unalo? Unaonewa, na stakabadhi halali unapewa.

Waulize bodaboda. Mwaka 2021 faini yao na ya bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Afadhali, sikatai. Ila iliyoshuka ni bei. Orodha ya makosa iko palepale, na ukiikagua pikipiki kwa nia ya kupata kosa, utalipata.

Vile vitambulisho vya wajasiriamali vya 2018 nilivipenda kwa jambo moja: unalipa 20,000, kadi unaivaa shingoni, mgambo anaiona kwa mbali. Hata hapo palikuwa na mwanya. Vilikuwa vya wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, na muuza chapati gani ana daftari la mauzo? Mtu anakadiriwa kwa macho, na macho yana wenyewe.

Sisemi masharti yafutwe. Kupimwa afya nakutaka, maana supu ile nainywa mimi. Nataka karatasi moja ibandikwe ofisi ya mtaa: mambo manne au matano, malipo yake, na nani anakagua lini. Jiko likiwa mle, sawa, tutalisogeza sote.

Juzi jioni nilimtania yule kijana wa mihogo kwamba ana bahati. Akacheka, ila si kwa furaha.

"Bahati gani, kaka? Shangazi akilipa, yameisha. Mimi sahani tatu zinaondoka bure kila asubuhi, na siku nikisema hapana, jiko langu nalo litaonekana."