Wanunuzi wa skrepa wafundishwe kuyatambua mabomu

Mabomu yaliyosalia vitani yakitajwa, wengi wetu huku Iringa na Mbeya tunawaza Msumbiji au Kagera. Tunasahau kwamba Kalenga ilipigwa mizinga na Wajerumani mwaka 1894, na kwamba Julai 1916 Waingereza waliotokea Nyasaland, Malawi ya leo, walipambana nao Malangali. Sisemi kila shamba lina bomu. Ila vita vilipita hapa, na trekta linachimba chini kuliko jembe la mkono.

Ninachokiogopa zaidi ni nyundo. Pita kwa mnunuzi yeyote wa skrepa uone: watoto wanashusha viroba, naye anagongagonga kutenganisha chuma na shaba, maana kilo ya shaba ina bei nzuri. Sasa, fyuzi ya kombora la enzi zile, yaani kile kifaa cha kulilipua, mara nyingi ni ya shaba. Ndiyo itakayogongwa kwanza. Wala tusijidanganye kwamba miaka imelipoza. Baruti iliyofungiwa ndani hukaa miaka mingi bila kuharibika, huku fyuzi ikiliwa na kutu mpaka mtikisiko kidogo tu unatosha. Machi 2014, kule Ypres, Ubelgiji, kombora la vita vya 1914–1918 liliua mafundi wawili wa ujenzi. Hapa nchini, Novemba 2017, bomu la mkono lililookotwa na mwanafunzi akidhani ni chuma chakavu liliua watoto watano Shule ya Msingi Kihinga, Ngara.

Inaniuma kwa sababu ujuzi tunao. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa baruti. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Tumewasaidia wengine kusafisha ardhi yao, na watoto wetu hatujawaonyesha hata picha ya guruneti.

Tuanzie kwenye mzani. Anayetoa kibali cha kununua skrepa amlazimishe mnunuzi kubandika picha za kombora, guruneti na fyuzi mahali pa kupimia. Kikiletwa kitu cha namna hiyo asikigonge, na asimwambie mtoto akirudishe alikokitoa, maana njiani ndipo atakapokigonga mwenyewe. Kiachwe palepale kilipo, watu wasogezwe mbali, polisi wapigiwe simu, nao wawaite wataalamu wa jeshi letu, JWTZ. Na yule mtoto asitishwe wala kuhojiwa kama mhalifu. Akipigwa mmoja, mwenzake atakayeokota kingine atakificha chini ya kitanda.