Wanaofika kwanza kwenye moto ni wanakijiji

Mwandishi wa makala ya gazeti hili kuhusu moto wa mashamba ya miti ameeleza vizuri upungufu wa magari ya Zimamoto huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ila amewaruka watu wanaofika kwanza. Kuanzia Mufindi, Kilolo hadi Makete, moto ukishika shamba la miti ya paini mwezi wa Septemba au Oktoba, nyasi zimekauka na upepo wa mchana unavuma, gari litoke mjini lifike saa ngapi? Yowe likipigwa, watu wanatoka na mapanga, majembe na matawi mabichi. Wengine wanakwangua nyasi mbele ya moto mpaka udongo mtupu uonekane, wengine wanaufuata pembeni wakiupiga. Akina mama wanaleta maji ya kunywa kwa ndoo, maana moshi wa paini unakausha koo vibaya sana. Wazee na watoto wanapelekwa kwenye shamba lililokwisha kulimwa.

Naomba vijiji vipewe mafunzo na buti, wale vijana wanaingia motoni na kandambili jamani! Barabara za kuzuia moto, yaani njia pana zisizo na nyasi kati ya mashamba, zisafishwe mvua zikiisha tu, Mei au Juni. Na sisi wenye mashamba madogo tuache kupanda miti mpaka mpakani kwa jirani, pengine hata baiskeli haipiti. Wanaochoma mashamba kuyasafisha na warina asali wamwarifu mtendaji wa kijiji kabla ya kuwasha. Namba ya Zimamoto ni 114, ibandikwe kila ofisi ya kijiji.