Tukuyu mvua ni nyingi zaidi, lakini matope nimeyakuta Uingereza

Nimezaliwa Tukuyu, mji wa milimani mkoani Mbeya, Tanzania, na anayeijua Tukuyu hawezi kuniuliza kama naijua mvua. Kwetu huanza Novemba, na mwezi wa tano bado inanyesha; kwa mwaka inapita milimita 2,000. Huku kaskazini mwa Manchester ninakoishi sasa, mahali ambapo Waingereza wenyewe wanapaita pa mvua, ni kama nusu ya hiyo tu. Ndiyo maana mwezi wa nne 2022, nilipoanza kufuga kuku sita nyuma ya nyumba, wenzangu kazini waliponitahadharisha juu ya matope ya majira ya baridi niliwaambia wasiwe na wasiwasi, nimekulia kwenye matope. Novemba ilipoingia nilikuwa nazama hadi vifundoni kila nikienda kuokota mayai.

Nimelitafakari sana jambo hili, na naliandika kwa sababu naona wengi wetu tulioko nje, na wengi walioko nyumbani, tunalichukulia vibaya. Nyumbani mvua ya alasiri ikikatika, jua linatoka. Maji yanateremka bondeni, udongo wa volkano wa Mlima Rungwe unayanywa yaliyobaki, na kuku wa mama anatoka chini ya ghala, anajikung'uta, anashika njia kuelekea migombani. Akikuta pamelowa anahamia pakavu. Shamba lote ni lake, na la jirani pia.

Kuku wangu hana pa kuhamia. Ana uzio wa mita nne kwa sita na wenzake watano, wote wanakanyaga palepale, wanaparua palepale na kunya palepale. Chini ni udongo wa mfinyanzi. Jua la Desemba linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na hata likiwaka halikaushi nguo kwenye kamba, sembuse ardhi. Nyasi zote zilikuwa zimekwisha mwezi wa kumi. Kwa hiyo tope lile nililitengeneza mimi, kwa kuwafungia kuku mahali padogo. Mvua ilikuja tu kulikoroga.

Nyumbani ardhi na jua humfanyia kuku kazi ambayo sisi hatujawahi kuifanya, na kwa sababu hiyo hatukuwahi kujifunza. Hilo limenigharimu kuku mmoja.

Ilikuwa Desemba 2022, baridi kali ya kugandisha maji kwenye ndoo. Nikampigia mama simu, nikamwambia naogopa kuku watakufa. Akasema, “Ziba matundu, mwanangu, upepo usiwapige.” Nikaziba kila tundu la banda kwa nailoni na blanketi kuukuu. Nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na siku ya nne nilirudi asubuhi kungali giza, nikafungua mlango wa banda nikiwa na tochi kichwani. Harufu iliyotoka ilinichoma macho kama ya choo cha shimo kilichojaa. Dari lote lilikuwa na matone, yakidondoka moja moja juu ya migongo ya kuku. Maranda niliyotandika chini yalikuwa yamelowa chapachapa. Tetea mweupe, aliyekuwa akitaga kila siku, alikuwa amejikunyata chini sakafuni badala ya kupanda kichanjani, anakoroma, na ncha za upanga wa kichwani mwake zilikuwa zimegeuka nyeusi. Alikufa kesho yake.

Mzee mmoja jirani yangu, amefuga kuku tangu utotoni, alikuja akatazama akanieleza. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, na manyoya yake ni blanketi tosha kwa baridi ya huku. Kinachomuua ni unyevu. Usiku kucha anapumua mvuke, na kinyesi chake sehemu kubwa ni maji. Ukimfungia bila tundu la juu, mvuke ule unagonga bati baridi, unageuka maji, unamrudia. Manyoya yakilowa hayashiki joto tena, na upanga wenye unyevu ndio unaoungua kwa baridi. Hewa chafu ya kinyesi nayo inaharibu mapafu. Banda linatakiwa liwe na matundu juu, karibu na paa, kuwapita kuku vichwani, ili mvuke utoke bila upepo kuwapiga wakiwa wamelala.

Nilipokaa nikafikiri, nikaona mama hakukosea. Kuku wake wanalala jikoni, kwenye nyumba ya udongo ambayo kati ya ukuta na paa pana nafasi ya kupitisha moshi. Moto wa mafiga unafunikwa na majivu lakini haufi, unakausha hewa usiku mzima. Ushauri wake ulikuwa sahihi kwa jiko lake. Mimi niliuchukua bila jiko.

Basi nikaanza upya. Nilitoboa matundu mapana chini ya paa pande mbili na kuyawekea wavu mgumu, maana panya wa huku hawana adabu. Kichanja cha mviringo nilikitoa, nikaweka ubao wa upana wa sentimita 5, ubapa wake juu, ili kuku akikalia afunike vidole vyake vyote kwa manyoya ya tumbo. Kinyesi nakikwangua kila asubuhi kabla sijalala. Nje niliondoa tope la juu kwa sepetu, nikachimba mfereji wa kutoa maji uani, kisha nikamwaga vipande vya mbao hadi unene wa sentimita 15. Wakata miti wa huku wanavisaga kwa mashine, na mara nyingi wanavitoa bure kuliko kulipia kwenda kuvitupa. Maji yanapita katikati yake, kuku anatembea juu pakavu, na anaparua siku nzima akitafuta wadudu. Maganda ya miti peke yake usiweke, wala nyasi kavu juu ya tope: zinaoza, zinaota kuvu, na vumbi la kuvu likimwingia kuku mapafuni huwezi kumtibu. Nyasi kavu nilizijaribu wiki mbili za kwanza na nikazizoa zote, nzito kama saruji mbichi.

Watu huniuliza kuhusu taa za joto. Mimi sikubaliani nazo kwa kuku mzima. Taa na maranda ndani ya banda la mbao ni moto unaosubiri siku yake, na umeme ukikatika kuku aliyezoea joto anapata taabu zaidi. Mpe mahindi yaliyoparazwa kiasi kidogo jioni kabla hajalala, tumbo lake litafanya kazi ya taa. Na akiacha kutaga Desemba, mwache apumzike. Anahitaji mwanga wa saa 14 hivi kwa siku ili atage vizuri, na huku unapatikana wa saa saba na nusu. Mama, ambaye siku yake ni ya saa 12 mwaka mzima, hili lilimshangaza kuliko habari zote nilizowahi kumpa za Ulaya.

Lakini kitu kimoja kilinishinda muda mrefu, nacho ni vumbi. Kuku haogi maji, anaoga vumbi. Ndivyo anavyojisafisha utitiri na chawa. Kuanzia Oktoba hadi Machi hakuna punje ya udongo mkavu uani kwangu. Siku moja naongea na mama kwa video, nyuma yake nikaona kuku amejilaza kwenye shimo la majivu kando ya jiko, amefumba macho, anajirushia majivu ubavuni kwa bawa moja. Nimeona picha hiyo maisha yangu yote bila kuiangalia. Kesho yake nilimwomba yule mzee majivu ya jiko lake la kuni, nikayachanganya na mchanga mkavu ndani ya tairi kuukuu, nikaliweka chini ya bati la plastiki linalopitisha mwanga. Kabla sijafunga mlango wa uzio tayari wawili walikuwa wameingia, wanasukumana. Tetea mwekundu alizama mpaka shingoni, akageuka ubavu, akanyoosha mguu mmoja nyuma, akatulia kabisa huku mvua ikipiga bati juu yake.

Kuna wenzetu wanaona yote haya ni uzungu, kuku ni kuku. Na kweli, sheria za huku ni nyingi. Kuanzia tarehe 7 Novemba 2022 hadi 18 Aprili 2023, kwa sababu ya mafua ya ndege, England nzima iliamriwa kuwafungia kuku wasikutane na ndege wa porini, mpaka sisi wenye kuku sita. Tangu Oktoba 1, 2024 ni lazima kuwaandikisha serikalini, hata ukiwa na kuku mmoja. Hairuhusiwi hata kuwapa mabaki ya jikoni. Baada ya janga la ugonjwa wa miguu na midomo mwaka 2001 sheria hiyo ilikazwa, na inawahusu kuku pia. Kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo ukoko na maganda ya ndizi ni haki ya kuku, kuutupa ukoko pipani kunauma. Mama aliponisikia alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Sasa hao kuku wanakula nini?”

Hata hivyo naziunga mkono, na sababu yangu iko nyumbani. Mwaka jana mwezi wa kumi mama alipoteza kuku 23 katika wiki moja. Shingo zimepinda, kinyesi cha kijani, mabawa yameanguka. “Kideri kimepita,” akasema, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Wengine wanakiita mdondo. Vitabuni kinaitwa kwa jina la Newcastle, mji ulio mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari kutoka kwangu, kwa kuwa ni miongoni mwa mahali pa kwanza kilipotambuliwa, mwaka 1926. Hapa ni karibu karne moja watu hawakubali kwamba kideri kinapita tu. Kwetu kuna chanjo ya I-2 inayovumilia joto, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na kwa kuku mmoja gharama yake haifiki bei ya yai. Tatizo ni kwamba kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, na kikishafunguliwa hakikai. Mwenye kuku kumi haoni sababu ya kukinunua peke yake.

Naamini kuku wa mama yangu ana maisha bora kuliko wa kwangu kila siku ya uhai wake, isipokuwa ile wiki moja. Wangu hana shamba wala jua, na mimi namlipa kwa sepetu na maranda. Wa mama ana vyote hivyo, na anakosa tone moja.

Safari hii mama amekubali kuzungumza na majirani. Wamefika kaya 11, na pesa ya kichupa nimetuma. Mtaalamu wa mifugo anakuja Jumamosi alfajiri kabla kuku hawajatawanyika, kwa hiyo Ijumaa jioni kila mtu anawafungia wake ndani. Mama anasema wa kwake hatawapata kwa shida, wanalala jikoni.