Kupinga si kupindua

Msimu uliopita wa korosho nilikuwa kwenye mkutano wa chama cha msingi, kijiji kimoja cha Newala. Mzee mmoja alisimama, akatoa mfukoni karatasi yake ya makato, akaikunjua taratibu, akauliza kwa nini kilo zilizoandikwa ghalani ni pungufu ya zile alizopimiwa kijijini. Hajajibiwa bado, kijana aliyekaa karibu na meza kuu akasema, "Wapinga maendeleo hawakosekani." Watu wakacheka. Mzee wa pembeni yangu akaninong'oneza, "Mwanangu, enzi zetu tungeitwa wapinga mapinduzi. Hilo lilikuwa zito zaidi."

Tangu siku ile neno hilo la pili, "mpinga mapinduzi", limenikaa kichwani, maana naona tunalitumia bila kulipima.

Lilizaliwa Ufaransa miaka ya 1790, wakati wa mapinduzi yaliyomwondoa mfalme. Condorcet, mwanafalsafa aliyeunga mkono mapinduzi hayo, mwaka 1793 alieleza kwamba kupinga mapinduzi ni mapinduzi yanayoelekea upande wa pili. Joseph de Maistre, mtetezi wa ufalme, mwaka 1797 aliandika kwamba kurudi kwa mfalme hakutakuwa mapinduzi mengine bali kinyume cha mapinduzi kabisa. Walitofautiana kuhusu njia. Kuhusu jambo lenyewe hawakutofautiana: wote walizungumzia kuirudisha nchi ilikotoka, mfalme kwenye kiti chake na mabwana kwenye mashamba yao.

Kiswahili kilipolipokea, kilikuwa na tatizo lake. Kwetu mapinduzi ni yote mawili: wanajeshi wakimtoa rais usiku ni mapinduzi, umma ukibadili mfumo mzima ni mapinduzi. Pale ufukweni Mikindani, anayelaza mtumbwi kifudifudi ili aupige kalafati anaupindua, na anayeurudisha ulivyokuwa naye anaupindua. "Kupindua mapinduzi" kungeukanganya ulimi, basi tukasema "kupinga". Lakini kupinga ni pana mno. Mjumbe hupinga hoja kikaoni. Mkulima hupinga bei. Mke hupinga shamba kuuzwa. Hakuna hata mmoja kati yao anayemrudisha mfalme. Anayenunua silaha ili utawala wa zamani urudi na anayeuliza zilikoenda kilo zake wametiwa gunia moja, na gunia hilo limeshonwa na kitenzi.

Wanaolitetea neno hilo wana hoja ambayo sisi wa kusini hatuwezi kuipuuza. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wapindua mapinduzi wa kweli walikuwepo. RENAMO, waasi waliopigana na serikali ya Msumbiji, ililelewa na utawala wa wazungu wa Rhodesia, kisha ikachukuliwa na makaburu wa Afrika Kusini. Shule na zahanati zilichomwa, na watu wakavuka mto kuja kwetu, hadi amani ilipotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Na yupo Lazaro Kavandame, kiongozi wa Wamakonde wa Cabo Delgado ndani ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno. Ugomvi wake na wenzake ulihusu pia biashara na maduka ya chama, mambo ambayo mtu angeyaita manung'uniko tu, lakini mwaka 1969 alivuka akajiunga na Wareno. Anayesema kwamba kupinga huzaa kupindua anao mfano, tena wa hapa hapa mpakani.

Lakini tazama kilichofuata Nachingwea. Katika mashamba ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, FRELIMO ilikuwa na kambi yake kuu, na mwaka 1975, Msumbiji ikikaribia uhuru, waliohesabiwa wasaliti walisimamishwa hapo mbele ya umati. Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alisomeshwa maungamo marefu. Simango hakuwa amefanya alichofanya Kavandame. Kosa lake la kwanza, lile lililomfukuzisha, lilikuwa waraka wa Novemba 1969 uliolalamikia mauaji na ukabila ndani ya uongozi. Baadaye, mwaka 1974, aliingia chama cha upinzani, ndiyo, wakati nchi nzima ilikuwa ikijadili nani atashika madaraka. Wote wawili waliishia mikononi mwa wauaji, bila mahakama. Aliyekwenda kwa Wareno na aliyeandika waraka walipewa jina moja na kifo kimoja: jina kwenye ardhi ya mkoa wa Lindi, kifo ng'ambo ya Ruvuma. Hilo linaniuma kuliko nadharia yoyote, kwa sababu lilipita kwetu.

Hungaria inaonyesha jina la namna hiyo linaweza kukaa muda gani. Oktoba 1956 wafanyakazi wa Budapest waliunda mabaraza viwandani. Hawakudai viwanda virudi kwa matajiri. Walidai viwe chini ya wafanyakazi kweli, kama mapinduzi ya kikomunisti yalivyoahidi. Vifaru vya Kisovyeti viliingia tarehe 4 Novemba, na serikali mpya ikayaita yote hayo uasi wa kupinga mapinduzi. Imre Nagy, waziri mkuu aliyeondolewa na vifaru hivyo, alinyongwa tarehe 16 Juni 1958. Watoto walifundishwa hivyo shuleni. Mpaka Januari 1989 ndipo kiongozi mmoja wa chama tawala cha kikomunisti, Imre Pozsgay, alipotamka redioni kwamba ule ulikuwa uasi wa umma. Miaka 32. Mtoto aliyezaliwa siku vifaru vinaingia alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na muda wote huo baba yake, kama alikaa kwenye baraza la kiwanda, alikuwa adui kwenye kitabu cha historia. Juni ile Nagy akazikwa upya kwa heshima. Neno liliondolewa alipokwisha kufa.

Kwa hiyo sisemi neno lifutwe. RENAMO ya wakati ule istahili jina gani lingine? Nasema libaki kwa anayerudisha utawala ulioondolewa, na aliyebaki aitwe anavyofanya: mlalamikaji, mkosoaji, muulizaji. Kiswahili kinayo maneno hayo yote.

Mkutano ule wa Newala ulifungwa saa nane. Mzee aliikunja karatasi yake mara nne, akairudisha mfukoni. Nilimwuliza kama alipata jibu. "Bado," alisema, "nitakuja nayo tena mkutano ujao."